Joseph Barcroft na akili za watoto wa milimani

Wanafunzi wangu wa isimu hustaajabu ninapowaambia kwamba mmoja wa watu walionifunza kuziogopa sentensi fupi si mwanaisimu hata kidogo, bali ni bingwa wa elimu ya damu na pumzi, Mwairishi kwa kuzaliwa, aliyefanya kazi yake karibu yote katika Chuo Kikuu cha Cambridge na kufariki mwaka 1947. Huyo ni Sir Joseph Barcroft. Walimu wa biolojia watalikumbuka jina lake kwa ajili ya utafiti wake juu ya himoglobini. Mimi namkumbuka kwa mambo mawili: hukumu aliyoipitisha juu ya akili za watu wa milimani alipokuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, na wana-kondoo aliowachunguza uzeeni, ambao kwa maoni yangu waliitia hukumu hiyo walakini mkubwa. Mambo hayo mawili husomwa mbalimbali. Katika makala haya nakusudia kuyasoma pamoja.

Barcroft alizaliwa tarehe 26 Julai 1872 mjini Newry, kaskazini mwa Ireland, katika familia ya Marafiki, yaani Waquaker. Hilo ni dhehebu lile lile lililofungua misheni yake Kaimosi mwaka 1902, na ambalo waumini wake wa magharibi mwa Kenya ni miongoni mwa walio wengi zaidi duniani. Baba yake alikuwa mtu wa viwanda vya kitani. Kijana alisomeshwa York, kisha Cambridge, na humo katika Chuo cha King's akashikwa na swali ambalo halikumwachilia tena: damu huibebaje oksijeni, na huitoaje pale inapohitajika? Mwaka 1903 alimwoa Mary Ball, binti wa mwanafalaki Sir Robert Ball, na mmoja wa wana wao, Henry, naye akaja kuwa mtaalamu wa fani ile ile ya baba yake.

Swali la damu lilimpeleka milimani, na sababu yake ni nyepesi kueleza. Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua, na pamoja nayo oksijeni inayoingia mapafuni. Mlima, basi, ni maabara isiyojengwa na mtu. Mwaka 1910 Barcroft alikwenda Tenerife, na mwaka 1911 akapanda Monte Rosa katika safu ya Alps. Wakati huo mwanasayansi mwenzake, J. S. Haldane, alishikilia kwamba mapafu ya mtu aliyezoea milima huisukuma oksijeni ndani ya damu kwa nguvu zake yenyewe, mithili ya tezi itoavyo jasho. Barcroft hakukubali. Kwake yeye oksijeni hupita tu, kutoka kwenye wingi kwenda kwenye uchache.

Vita Vikuu vya Kwanza viliukatiza ubishi huo. Barcroft, mwana wa Marafiki wasioamini vita, alikwenda Porton kuchunguza gesi za sumu. Sitamhukumu kwa hilo, ila lipo tukio moja la huko ambalo lina maana katika hadithi hii. Watu walibishana kama gesi ya sianidi humuua binadamu haraka kama imwuavyo mbwa. Barcroft aliingia chumbani pamoja na mbwa, bila kinyago, gesi ikiwa imejaa. Mbwa alianguka na kudhaniwa amekufa, ilhali Barcroft alitoka akiwa hana neno. Kesho yake asubuhi mbwa naye akakutwa hai. Somo lilikuwa wazi: kipimo kilichopatikana kwa mwili mmoja hakihamishiki hivi hivi kwa mwili mwingine. Msomaji naomba alihifadhi somo hilo kwa muda.

Mwaka 1920 aliumaliza ubishi wake na Haldane kwa namna ambayo kamati za maadili ya utafiti za siku hizi zingeipiga marufuku kabla hazijamaliza kuisoma. Alijifungia katika chumba cha kioo huko Cambridge kwa siku sita, huku oksijeni ikipunguzwa hatua kwa hatua mpaka hewa ya chumbani ikawa sawa na ile ya mlima mrefu. Siku ya mwisho alipasuliwa mkono wa kushoto na damu ikatolewa moja kwa moja katika ateri. Damu ile haikuwa nyekundu ya kung'aa. Ilikuwa imefifia na kuwa nyeusi-nyeusi, dalili kwamba mapafu hayakuisukuma oksijeni ndani kwa nguvu ya ziada. Haldane alishindwa hoja, ingawa hakukubali kushindwa.

Hata hivyo chumba si mlima, na siku sita si maisha. Kwa hiyo mwishoni mwa mwaka 1921 Barcroft na wenzake saba, Waingereza na Wamarekani, walisafiri hadi Peru. Kutoka pwani karibu na Lima walipanda kwa garimoshi, reli inayovuka kimo cha mita 4,700 na zaidi, mpaka mji wa migodi wa Cerro de Pasco ulioko kama mita 4,330 juu ya usawa wa bahari. Aliyewahi kulala Mackinder's Camp katika Mlima Kenya, mita 4,200 hivi, anajua jinsi kichwa kinavyogonga usiku kucha mahali kama hapo. Tofauti ni kwamba Cerro de Pasco si kambi ya kupumzikia safarini. Ni mji wenye masoko na makanisa, na watu huzaliwa humo na kuzikwa humo.

Wageni wale waliugua, wengine sana. Walipima damu, mapigo ya moyo na vifua, vyao wenyewe na vya wenyeji. Waliwaona wachimba migodi wakipanda kutoka shimoni na mizigo mizito ya mawe, kazi ambayo mgeni yeyote miongoni mwao asingaliiweza hata bila mzigo. Walijifanyia pia majaribio ya akili, na kuona kwamba kazi ndogo ya kufikiri ilidai juhudi kubwa kuliko huko pwani. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1923, na ni kazi ya kusifiwa.

Miaka miwili baadaye Barcroft alitoa kitabu chake juu ya mafunzo ya milimani. Humo, katika sentensi moja isiyozidi mstari, aliwatia wakazi wote wa milima mirefu katika kapu moja, la watu ambao mwili na akili zao zimepunguziwa uwezo. Hakusema baadhi yao, wala hakusema wageni. Hapa ndipo mwanaisimu anapoinua kichwa. Nomino ya jumla ina hila yake: ukisema mwanafunzi huyu amechelewa, mtu anaweza kukuuliza ni yupi na saa ngapi, ukisema wanafunzi ni wachelewaji, umekwisha wapaka wote rangi moja na hakuna wa kukudai ushahidi wa mmoja mmoja. Majaribio ya akili yalikuwa ya wageni waliopanda juzi, lakini hukumu ikawaangukia watu waliozaliwa huko na ambao babu zao walikaa huko maelfu ya miaka. Mtu aliyetoka chumba cha sianidi akiwa mzima huku mbwa amelala sakafuni alipaswa kujua hatari ya kuhamisha kipimo namna hiyo. Haidhuru alikuwa mwungwana kiasi gani, na wote waliomjua walimshuhudia uungwana. Sentensi hiyo haikuwa na uungwana.

Sisi Wakenya hatuna haki ya kulitazama jambo hili kama la Peru peke yake. Miaka michache baadaye, mwaka 1934, daktari F. W. Vint aliyefanya kazi katika maabara ya serikali mjini Nairobi alichapisha katika jarida la Uingereza makala yaliyodai, kwa kupima bongo za maiti, kwamba ubongo wa mwenyeji wa Kenya una upungufu. Daktari mwenziwe, H. L. Gordon, aliyatumia madai hayo kuonya juu ya kuwaelimisha Waafrika. Wapo waliowapinga papo hapo, hasa kwa kuwa bongo zile hazikulinganishwa sawasawa na za watu wengine wenye afya na maisha kama hayo. Simfananishi Barcroft na Gordon. Nia zao zilikuwa mbingu na ardhi. Ila sarufi ya hukumu zao ni moja, na sarufi hiyo ilikuwa na kazi ya kufanya katika bajeti za shule.

Peru ilimpata mtetezi. Carlos Monge Medrano, daktari wa Lima aliyezaliwa mwaka 1884, aliisoma hukumu ile na kukasirika kwa namna ya kisomi. Mwaka 1927 alipeleka msafara wake mwenyewe milimani, na mwaka 1931 Chuo Kikuu cha San Marcos kikawa na taasisi ya biolojia ya Andes chini yake. Alidai kwamba Barcroft alikuwa mgonjwa wa mlima pasipo kujijua, na kwamba alichokipima ni ugonjwa wake mwenyewe. Jibu hilo ni kali na lina utani ndani yake, lakini lina ukweli. Wala Monge hakukana kwamba mlima unaweza kumwumiza hata mwenyeji: yeye mwenyewe ndiye aliyeueleza kwanza ugonjwa sugu wa mlimani, ambao damu huwa nzito kwa wingi wa chembechembe nyekundu, kichwa kikauma na kumbukumbu ikapotea. Alichokitaka ni kutofautisha mgonjwa na taifa.

Monge alipenda kuzisoma nyaraka za kale, na humo ndimo alimokuta watoto wachanga. Mji wa Potosí, ambao leo uko Bolivia, ulianzishwa mwaka 1545 kwa ajili ya fedha, katika kimo cha zaidi ya mita 4,000. Mwanahistoria wa kitawa Antonio de la Calancha, katika karne ya 17, aliandika kwamba watoto wa Wahispania waliozaliwa humo walikufa siku ile ile au katika majuma mawili ya kwanza, huku watoto wa wenyeji wakiishi kama kawaida. Mama wa Kihispania alilazimika kuteremka bondeni ili azae. Mtoto wa kwanza wa Kihispania kuishi alizaliwa, kwa mujibu wa Calancha, mkesha wa Krismasi mwaka 1598, miaka 53 baada ya mji kuanzishwa, na watu wakasema ni muujiza wa mtakatifu Nicholas wa Tolentino. Tuuache muujiza kwa wenyewe. Kinachobaki ni kwamba mlima mmoja na hewa moja viliwapokea watoto wa aina mbili kwa namna mbili.

Sasa turudi Cambridge. Mwaka 1925 Barcroft alifanywa profesa wa fiziolojia. Alichunguza bandama na kuonyesha jinsi linavyoweka akiba ya damu. Mwaka 1935 alipewa cheo cha Sir. Bado alijitumia mwenyewe kama panya wa maabara: akiwa na umri wa miaka sitini hivi alilala uchi katika chumba cha baridi kali mpaka kutetemeka kukakoma na akaanza kujisikia raha, hali ambayo ni ya hatari kuliko kutetemeka kwenyewe. Mawazo yake juu ya ubongo na mazingira yake aliyatoa kama mihadhara katika Chuo Kikuu cha Yale, na yakachapishwa mwaka 1938.

Lakini kazi kubwa ya uzeeni ilikuwa ya tumboni mwa kondoo. Kondoo hubeba mimba kama siku 147. Barcroft na wenzake, hasa Mmarekani Donald Barron, walimpa mama dawa ya ganzi, wakamfungua na kumtoa mwana katika maji ya chumvi yenye joto la mwili, kiungamwana kikiwa hakijakatwa. Hivyo waliweza kumtazama akiwa bado analishwa na kondo la nyuma. Waliyoyaona ni mambo ya ajabu. Mwanzoni, yapata siku ya 40, kijusi kikiguswa usoni hutikisika. Siku kumi baadaye mwili mzima hucheza kwa mapigo. Kisha, kuanzia siku ya 60 hivi, hutulia. Utulivu huo si udhaifu, ni kazi ya sehemu za juu za ubongo ambazo zimeanza kuzitawala zile za chini. Hapo Barcroft na Barron waliibana mishipa ya kiungamwana ili oksijeni ipungue. Kijusi kilichotulia kikaanza kucheza tena kama mtoto wa majuma yaliyopita. Sehemu za juu za ubongo zilikuwa za kwanza kuzimika, na zile za zamani zikabaki bila mlinzi.

Katika jaribio hilo kuna mambo mawili, na nadhani mwalimu wa biolojia akiyaeleza kwa pamoja atakuwa amefundisha somo zima. La kwanza ni kwamba ubongo mchanga huumizwa na upungufu wa ghafla wa oksijeni, na huumizwa kuanzia juu. La pili ni kwamba kijusi chenye afya, kinachokua na kujenga ubongo kila siku, huishi katika oksijeni ambayo ingemlaza mtu mzima. Damu inayotoka kwenye kondo la nyuma kwenda kwa mtoto ina kanieneo ya oksijeni ya takriban milimita 30 za zebaki, ilhali katika ateri za mtu mzima aliye pwani ni karibu 100. Ndiyo maana ukaja usemi unaohusishwa na jina la Barcroft, kwamba mtoto tumboni yuko kwenye kilele cha Everest. Huyamudu maisha hayo kwa sababu himoglobini yake ni ya aina nyingine, yenye kuikamata oksijeni kwa nguvu zaidi, na kwa sababu moyo wake husukuma damu nyingi kuulisha ubongo.

Kwa maneno mengine, kila mwanadamu, na Barcroft miongoni mwao, aliujenga ubongo wake mlimani. Lau oksijeni chache kwa yenyewe ingekuwa hukumu ya upungufu wa akili, hukumu hiyo ingetuangukia sote kabla ya kuzaliwa. Sijaona mahali ambapo Barcroft aliliweka jambo hili kando ya sentensi yake ya mwaka 1925. Ilimpasa.

Je, mtoto anayezaliwa juu sana yuko salama kabisa? La, na sitaki kuudhi ukweli kwa kumtetea mtu wa Andes kupita kiasi. Pwani, mtoto akilia mara ya kwanza, oksijeni katika damu yake hupanda kwa dakika chache. Katika kimo cha Cerro de Pasco hewa ina kama asilimia 60 tu ya kanieneo ya pwani, na kilele hicho hafiki. Uzito wa kuzaliwa hupungua kwa kadiri ya gramu 100 kwa kila mita 1,000 za kimo, na upungufu huo ni mdogo kwa akina mama wa koo zilizokaa milimani kwa vizazi vingi. Utafiti uliotolewa mwaka 1995 kutoka Lhasa, Tibet, ulionyesha kwamba watoto wa Kitibeti walikuwa na oksijeni nyingi zaidi katika damu kuliko watoto wa Kihan waliozaliwa katika mji huo huo, na tofauti ikazidi kadiri miezi ilivyopita. Calancha asingeshangaa. Mwaka 2013 George Wehby alichapisha utafiti wa watoto wachanga wa Amerika Kusini uliohusisha kuishi juu sana na maendeleo ya ubongo yaliyo nyuma kidogo.

Kwa walimu wa Eldoret, Nyahururu au Iten, ambao wanafunzi wao huenda wakauliza, jibu ni kwamba miji yetu iko mita 2,000 hadi 2,400 hivi, nusu ya kile kimo cha migodi ya Peru. Hakuna sababu ya mzazi kuikimbia nyumba yake.

Kuhusu vipimo vyenyewe nina dukuduku la kikazi. Mtoto wa miezi kumi na minane hupimwa kwa kutazamwa anavyoshika vitu na anavyotembea, lakini pia kwa maneno anayoyaelewa. Huko juu Andes watu wengi husema Quechua au Aymara, na nchi huendeshwa kwa Kispanyola. Kimo, umaskini, umbali wa zahanati na lugha hupanda mlima mmoja pamoja. Mtafiti asiyevitenganisha atapima lugha ya mama akidhani amepima oksijeni, jambo ambalo walimu wetu wa darasa la kwanza wanalifahamu vyema bila shahada yoyote.

Barcroft alikuwa angali kazini alipofariki ghafla mjini Cambridge tarehe 21 Machi 1947. Mwaka 1943 alikuwa amepewa Nishani ya Copley, na kitabu chake juu ya maisha kabla ya kuzaliwa kilikuwa ndiyo kwanza kimetoka. Barron, mwanafunzi na mshirika wake, alilibeba swali mpaka mahali lilipostahili kuulizwa. Katika miaka ya 1950 yeye na wenzake walikwenda Morococha, Peru, mita 4,500 hivi, wakapima kondoo wenye mimba wa huko. Wana wao walikuwa na oksijeni isiyotofautiana sana na ya wana wa kondoo wa pwani. Mwili wa mama na kondo la nyuma vilikuwa vimeuziba sehemu kubwa ya upungufu wa hewa.

Na Cerro de Pasco? Mji upo, na mgodi umekuwa shimo kubwa la wazi lililoumeza mtaa baada ya mtaa. Vipimo vya damu ya watoto wa hapo vimeonyesha madini ya risasi kupita kiasi, na risasi ni sumu ya ubongo mchanga isiyohitaji mlima wala bonde. Msafara wa mwaka 1921 uliwapima watu wa mji huo vifua na damu, na kuitafuta katika hewa yao sababu ya akili iliyopungua, huku mawe ya mgodi yakipita mbele yao mgongoni mwa wachimbaji.